Mwaka Nilioitwa Bonge

Wiki mbili baada ya kumzika Bibi, binamu yangu mmoja alituma picha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Ni picha ya zamani, imepigwa studio moja ya Sengerema mjini, ile iliyokuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji na swala wawili wenye shingo ndefu kupita kiasi. Bibi amekaa kwenye kiti, kitenge kipya, mgongo umenyooka. Mimi nimesimama pembeni yake na gauni la njano linalonibana makwapani, mashavu yamejaa mpaka macho yamekuwa vijishimo. Chini ya picha binamu akaandika: "Jamani, bonge letu! Huyu mtoto alikuwa anakula nini?" Shangazi naye hakukawia: "Mwaka ule alinawiri kweli. Bibi alijidai naye Sengerema nzima."

Na mimi nikatuma vile vikatuni vya kucheka machozi, maana kwenye kundi la ukoo ukinuna wanakupigia simu kuuliza una nini. Halafu nikaiweka simu mezani, nikatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka. Wakati tunakua, mtoto mnene alikuwa mtoto mwenye afya, habari imeisha. "Umenenepa" ilikuwa salamu nzuri na jibu lake lilikuwa "asante". Leo ukimwambia mtu hivyo anakufuta kwenye simu yake. Nataka kuieleza picha ile kwa sababu yule mtoto wa gauni la njano hakuwa amenawiri hata kidogo. Alikuwa amevimba kwa dawa, na siku ile anapigwa picha, jicho lake la kushoto lilikuwa limebakiza siku chache za kuona.

Tulikuwa tunaishi Buhongwa, kwenye nyumba ambayo baba alikuwa akiijenga huku tunaishi humohumo, chumba kimoja kina sakafu na kingine kina mchanga. Baba alifanya kazi kiwanda cha samaki, kwa zamu. Mama alikuwa fundi cherehani, alishonea barazani. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto pekee, nikiwa darasa la tatu, na ugonjwa wangu ulianzia magotini. Nikiamka asubuhi magoti yalikuwa hayakunjuki. Mama alinikanda kwa maji ya moto, majirani wakasema ni kukua, mtoto akirefuka mifupa lazima iume. Nami nilipenda kuambiwa kwamba narefuka.

Macho hayakuniuma. Hayakuwa mekundu wala hayakutoa tongo, na hapo ndipo ugonjwa ule ulipotuzidi ujanja. Nilikuwa na mchezo wangu darasani: naziba jicho la kulia kwa kiganja, ubao unaingia ukungu, naziba la kushoto, ubao unarudi. Nilifanya hivyo muhula mzima bila kumwambia mtu. Nilikuwa na maelezo yangu kichwani, tena yaliyoniridhisha kabisa. Niliamini kila mtu ana jicho moja la kazi na moja la akiba, na kwamba la akiba Mungu analifungua ukiwa mkubwa. Mtoto akishapata maelezo yake, nani atamtoa?

Aliyegundua ni mwalimu wa hisabati, baada ya kuniona nimegeuza shingo kama kuku anayechungulia punje. Akamwita mama. Mama akaacha gauni la harusi la watu kwenye cherehani, akanipeleka kliniki ya macho kwenye hospitali kubwa mjini.

Daktari alikuwa mwanamke wa Bukoba, mrefu, mpole, ambaye hakuwahi kunyanyua sauti siku zote nilizomjua. Aliniambia niweke kidevu kwenye mashine, nisipepese, kisha akawasha mwanga mwembamba akanitazama muda mrefu sana. Alipomaliza akamgeukia mama. "Mama, unajua jua likiingia dirishani asubuhi, ukitazama kwenye ule mwanga unaona vumbi linaelea? Ndani ya jicho la mwanao naona kitu kama hicho. Jicho limevimba kwa ndani. Ni ugonjwa uleule wa magoti. Goti likivimba unaliona, jicho likivimba ndani hulioni mpaka limeshaharibu."

Akaandika dawa. Matone ambayo chupa yake inatikiswa kwanza, matone mengine yenye kifuniko chekundu ya kuifungua mboni isigandamane, na vidonge vidogo vyeupe vichungu ajabu. Kisha akasema jambo ambalo mama alilirudia njiani mpaka tunafika nyumbani: "Dawa hizi haziachwi ghafla. Zinapunguzwa kidogokidogo, na anayepunguza ni mimi. Hata kama jicho linaonekana zuri. Hata kama yeye mwenyewe anasema amepona."

Mama alisikia hayo. Mimi nilisikia vumbi. Buhongwa yetu ya wakati ule, na barabara ile ya Shinyanga, malori yakipita nguo za wateja zote zinakuwa na rangi moja. Nikajua sasa: vumbi la barabarani limeingia ndani ya jicho langu, linaelea, na dawa zimekuja kulisafisha. Kwa wiki nzima nilikwenda shule nimefumba jicho moja ili lisiongezeke.

Mama aliibeba kazi ile ya dawa kama alivyobeba kazi za watu. Kila akinidondoshea tone alichora mstari kwa chaki yake ya fundi pembeni ya meza ya cherehani, na jioni anahesabu mistari. Siku mistari ikipungua alijilaumu kwa sauti, peke yake, kwa Kisukuma. Mimi nililalia mapaja yake, nikitazama juu, tone linakuja kubwa kuliko uso wa mama. Matone ya kifuniko chekundu yaliniacha nashindwa kusoma daftari, jua likinichoma, nikawa napewa kofia ya baba ya kiwandani kwenda nayo shule.

Na vidonge vikaleta njaa. Jamani, njaa! Nilikula uji, nikala kiporo, nikala chakula cha mchana shuleni na kurudi nyumbani nikauliza kuna nini. Ndani ya miezi miwili mashavu yalijaa, shingo ikapotea, tumbo likatangulia. Shuleni wakaniita Bonge. Sikukasirika, kwa kweli. Mwanzoni nilikuwa mwembamba na kila mtu alinisukuma kwenye foleni ya bomba; sasa wakinisukuma wanarudi wenyewe.

Lakini mama hakupenda. Majirani walipita barazani wakisema, "Mama Bonge, hongera! Mwanao amenawiri. Unampa nini?" Naye anajibu "tunamshukuru Mungu" huku anaendelea kukanyaga cherehani. Siku moja nilimuuliza kwa nini anasifiwa na hafurahi. Akasema, "Wanasifia dawa, mwanangu. Hawakusifii wewe." Sikumwelewa, nikaenda kutafuta kiporo.

Kufika likizo ya Desemba mama alikuwa karibu kujifungua mdogo wangu, miguu imevimba, hawezi kuinama. Ikaamuliwa niende kwa Bibi, mama yake baba, Sengerema, mpaka mtoto azaliwe. Mama hakutaka. Alitaka nibaki karibu na hospitali. Baba akasema ni wiki tatu tu, dawa zipo za kutosha, na siyo kwamba mtoto anakwenda porini. Mama akazifunga dawa zote kwenye mfuko, akamweleza baba mara mbili: hizi asubuhi, hizi kila baada ya saa kadhaa, vidonge baada ya kula, visiachwe. Baba akaitikia vizuri kabisa.

Siku hizi watu wanapita darajani, wanafika Busisi, ng'ambo ya ziwa, soda haijaisha. Sisi tulivuka kwa pantoni, nikiwa nimeshika chuma cha pembeni na kofia ya kiwandani kichwani. Tulipofika kwa Bibi baba alikuwa tayari anatazama saa, maana zamu yake ilikuwa inaanza jioni. Akampa Bibi ule mfuko. Bibi akauliza, "Hizi anazinywaje?" Na baba yangu, mtu mwenye akili zake, aliyefundisha vijana kiwandani kuendesha mashine, akasema, "Anazijua mwenyewe, mama. Huyu mtoto ana akili, atakuambia." Akanywa maji, akaondoka. Nikabaki mimi daktari, na umri wangu ni miaka tisa.

Bibi hakuwa ameniona tangu mwaka uliotangulia, nilipokuwa fimbo ya kuchungia. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. "Tazameni! Tazameni ng'wana wane!" Mwanangu, anasema. Alinigeuza mbele na nyuma, akanishika mashavu. Kwetu, mtoto akienda kwa bibi yake akarudi amekonda, huyo bibi ana maneno ya kujibu. Mimi nilikuja tayari nimenenepa, kazi yake ilikuwa kunizidisha tu, na aliifanya kwa moyo. Matobolwa asubuhi, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga, ugali wa muhogo na sato mchana, maziwa mgando jioni. Nikila akinitazama, na nikimaliza anasema, "Bado unayo nafasi hapo." Nampenda yule mwanamke mpaka leo, nasema wazi, na hakuna mtu aliyewahi kufurahia uwepo wangu kama alivyofurahia yeye.

Wiki ya kwanza tulifuata dawa. Bibi alikuwa na mkono mzito, tone linaangukia puani, tunacheka, tunarudia. Ila vidonge vilinishinda. Nyumbani mama alinishika pua. Kwa Bibi nilikunja uso na machozi yakanitoka, naye akaumia kuliko mimi. Asubuhi moja alikaa na kidonge kiganjani, akanitazama nilivyo, mashavu yale, macho meupe hayana hata mshipa mwekundu. Akasema, "Mtu mwenye afya kama wewe anakunywa dawa za nini?"

Nikamjibu. Maneno yangu nayakumbuka yote. "Daktari alisema ni vumbi tu, Bibi. Vumbi likiisha, na dawa zinaisha."

Bibi akatazama nje. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, uwanja umelowa, migomba inadondosha maji. "Vumbi lenyewe huku litoke wapi?" akasema, na sote wawili tukacheka. Akakirudisha kidonge kwenye karatasi yake, akaufunga mfuko, akauweka ndani ya sanduku lake la nguo.

Nimejiuliza miaka mingi kama nilidanganya. Nusu yangu iliamini lile vumbi kwa dhati. Nusu ya pili ilikumbuka vizuri kabisa sauti ya mama njiani, visiachwe, visiachwe, ila ilikuwa imechoshwa na ule uchungu. Zile nusu mbili zilielewana haraka sana.

Siku chache baadaye Bibi alinipeleka mjini tukapigwa ile picha. Alisema akifa watu wajue kwamba aliwahi kuwa na mjukuu kama mimi.

Kabla picha hatujaifuata nilianza kulegea. Natapika, natembea naona giza, nataka kulala tu. Bibi akadhani malaria, zahanati wakapima wasione kitu. Halafu jicho la kushoto likaanza. Mara hii lilikuwa jekundu, na maumivu yalipanda mpaka kwenye nyusi na jino. Mwanga wa mlangoni ulinichoma nikajifunika kitenge kichwa kizima. La kulia nalo likaanza kutoa machozi. Jirani mmoja akaja na ushauri, nitiwe maziwa ya mama anayenyonyesha, yupo mmoja hapo ng'ambo ya mtaro. Bibi akamkatalia papo hapo. "Jicho si kidonda cha kujaribia." Akafungua sanduku, akatoa mfuko, akakaa nao mapajani. Nilimwona kupitia kitambaa cha kitenge. Alikuwa anavitazama vile vidonge vilivyobaki kwenye karatasi, na vilikuwa vingi.

Bibi hakuwahi kupanda pikipiki maishani. Asubuhi ile alipanda, kaniweka katikati, mfuko wa dawa kifuani, anamwamuru dereva kwa Kisukuma apite kwenye kivuli. Pale Busisi pikipiki ilituacha mbali na pantoni. Akanibeba mgongoni. Mimi, bonge zima la miaka tisa, na yeye mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, nikasikia pumzi yake inavyokatika. Ndani ya pantoni akawaambia watu wasogee, mtoto anaumwa na mwanga. Wakasogea. Mama mmoja muuza dagaa akanitazama miguu iliyokuwa ikining'inia nje ya kitenge, akasema kwa wema wake, "Mbona mjukuu amenawiri hivi, bibi, anaumwa nini?" Bibi akavuta kitenge, akaifunika miguu yangu.

Mama, aliyekuwa ameshapelekewa habari, alitukuta kliniki. Alikuwa amejifungua siku sita nyuma, mdogo wangu yuko kifuani, baba nyuma yake na nguo za kazini. Daktari alinitazama kwenye mashine kidogo sana safari hii, akamwambia nesi alete matone fulani upesi. Akageuka. Sauti yake ilikuwa ileile ya chini. "Dawa ziliachwa. Lini, na nani aliziachisha?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mashine, miguu haifiki chini. Baba akatazama viatu vyake, maana naye alijua sehemu yake. Nilimwona Bibi anajiandaa kusema, na nikajua atasema nini: kwamba ni mimi, kwamba mtoto ndiye aliyemwambia.

"Ni mimi," Bibi akasema. "Niliona mtoto amenawiri, nikasema amepona."

Mama alimtazama mkwe wake. Wanawake wa kwetu hawawajibu wakwe zao, mama hakuwahi kumjibu hata siku moja. Siku ile alisema, polepole, "Mama, nilikupa mtoto ana macho mawili."

Bibi akainamisha kichwa. Nami nikanyamaza. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kunyamaza kunafanya kazi gani.

Daktari alitueleza hali ilivyo, na kwa mara ya kwanza nilisikiliza. Kulegea na kutapika kulitokana na vile vidonge kuachwa ghafla. Mboni ya kushoto ilikuwa imeshikamana na lenzi iliyoko nyuma yake pande zote, maji ya jicho yamekosa njia, presha ya jicho imepanda. Presha ile ndiyo inayoua mshipa wa kuonea, na mshipa ukishakufa haufufuki. "La kulia tunaliokoa," alisema. "La kushoto tunalipigania."

Nililazwa. Matone kila saa, mchana kutwa, nesi akija na saa yake ya mkononi. Vidonge vilirudishwa, nami nilivimeza vyote bila kushikwa pua. Kukawa na vingine vya kushusha presha, vilivyonifanya vidole viwashe na maji ya kunywa yawe na ladha ya msumari. Wakanifanyia upasuaji mdogo kufungua njia ya maji. Maumivu yakatulia siku ileile, nikalala usingizi ambao sijawahi kuupata tena. Baadaye daktari akaniandikia dawa nyingine ya kumeza mara moja tu kwa wiki, ya kuutuliza mwili wenyewe, ili vile vidonge vyeupe vipunguzwe kidogokidogo mpaka viishe. Kila mwezi nikatolewa damu kuangalia kama dawa hainidhuru. Nilijua majina ya manesi wote wa maabara.

Lenzi ya jicho la kushoto nayo ikaingia ukungu, mtoto wa jicho, kama wazee. Mama akataka utolewe mara moja. Daktari akamwambia, "Jicho lililokasirika haliguswi. Lazima litulie miezi mitatu kabisa, ndipo niliguse." Basi tukangoja. Ile miezi mitatu ndiyo ninayoikumbuka kwa utulivu kuliko yote. Mama barazani, mdogo wangu kwenye beseni la vitambaa, mimi chini ya meza ya cherehani nasikiliza mguu wake, mistari ya chaki ikiongezeka bila kukosa hata mmoja. Nilikuwa nasubiri, na mtu anayesubiri bado ana tumaini.

Baada ya upasuaji walipofungua bandeji niliona mwanga. Niliona mkono wa daktari ukipita kama kivuli. Akaniuliza vidole vingapi, nikasogeza kichwa mbele. Akauliza tena kwa karibu. Kisha akaweka mkono wake kichwani kwangu, akamwambia mama kwamba presha ile ya Desemba ilikuwa imeshachukua mshipa, na kilichobaki ndicho hicho. La kulia lilikuwa salama. La kulia ndilo ninaloandikia haya, na nalipeleka kliniki mpaka leo, bila kukosa tarehe.

Vidonge vyeupe viliisha, nami nikarudia wembamba wangu. Hapo ndipo majirani wa Buhongwa walipoanza kumpa mama pole. "Mama Bonge, mbona mtoto amekonda hivi? Au anaumwa?" Mama aliwajibu "tunamshukuru Mungu", na mara hii alitabasamu.

Kwa Bibi hatukwenda zaidi ya mwaka. Michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, ilikuja na baba, mifuko na mifuko, mama anaipika, anatupakulia, anarudi kwenye cherehani. Nilikula ile michembe nikijua kwamba kuna neno moja tu linalotakiwa, na neno hilo ninalo mimi. Nilifika mara nyingi mpaka mlangoni mwa chumba cha mama. Nikarudi. Mtu asikudanganye kwamba watoto hawajui aibu.

Mwishowe mama mwenyewe alisema twende. Alimpigia Bibi magoti, akamwita "mama", wakashikana mikono muda mrefu, wakaanza kuzungumza habari za mahindi. Kisha Bibi akaniita nje, nyuma ya nyumba, akanisimamisha penye mwanga mzuri. Akaziba jicho langu la kulia kwa kiganja chake. "Vidole vingapi hivi?"

Niliona kivuli. Nikajua anachokiomba. Nikasema, "Viwili."

"Umepatia!" Akapiga vigelegele hafifu, akanikumbatia, akaenda kumwambia mama kwamba jicho limerudi. Mama alinitazama kwa juu ya bega la Bibi. Mama alijua majibu ya daktari neno kwa neno, akasema tu, "Ndiyo, mama. Mungu mkubwa."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila likizo, kabla sijala, nyuma ya nyumba, kiganja kwenye jicho langu zima. Nilisema viwili, nilisema vitatu, nilisema kimoja, nami nilipatia kila mara. Niliiona ile kuwa bahati kubwa, halafu nikaacha kuifikiria. Nilichojua ni kwamba nampa kitu alichopoteza, na kwamba ndicho pekee ninachoweza kumpa badala ya lile neno.

Nikiwa kidato cha pili mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Likizo ile alinisimamisha palepale, akaniziba jicho, akauliza. Nikasema, "Viwili." Kiganja kikateleza kidogo, na katikati ya vidole vyake jicho langu zima likatazama nje. Mkono wake mwingine ulikuwa mbele ya uso wangu. Ulikuwa wazi wote, vidole vitano.

"Umepatia, mjukuu wangu," Bibi akasema, akanishika mkono twende tukale.